Amina Iliyoandikwa Mbusule

Jumanne, tarehe tisa Machi. Asubuhi kulikuwa na mawingu mepesi upande wa mashariki, umande mwingi, upepo hakuna. Hali ya maji: bado.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni alitufundisha kwamba taarifa nzuri huanza na tarehe na hali ya hewa, ili msomaji ajue kuwa mwandishi alikuwepo na alikuwa macho. Hilo la maji nimeliongeza mwenyewe, na sababu yake nitaieleza mwishoni, Mungu akinijalia. Nilianza kusoma nikiwa na miaka hamsini na minne. Mnisamehe nikienda polepole.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa hofu. Ni kwamba kulitaja katika maandishi kunahitaji kibali, na afisa wa vibali yuko semina tangu mwaka juzi.

*

Nchi yetu ina ardhi ya umma. Maana yake, kama tulivyoelezwa, ni ardhi ambayo ni mali ya kila mwananchi, na kwa sababu hiyo hakuna mwananchi anayeruhusiwa kuingia. Kubwa kuliko zote ni Hifadhi ya Msitu wa Mbusule, na mimi, Lwitiko, niliilinda kwa miaka ishirini na miwili. Bango la mlangoni lilikataza kukata mti, kuokota kuni, kuchuma uyoga, kurina asali, kuchunga mifugo, kupiga mluzi, na kukaa kwa namna inayoweza kusumbua majani. Sikujua kulisoma, lakini nilikuwa nimelikariri, na nililitekeleza lote. Katika daftari la zamu nilichora jua, au wingu, au mvua. Chini yake, kama nimekamata mtu, nilichora kijiti kwa kosa la kuni na mwavuli kwa kosa la uyoga. Ofisi ya wilaya ilisema hakuna daftari safi kama langu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilimkamata msichana aliyekuwa akifunga mzigo wa kuni. Aliitwa Tusekile.

"Hata huu mti ulioanguka wenyewe una mwenyewe?" aliniuliza.

"Ni wa umma."

"Umma ndiyo nani?"

"Ni wewe."

"Basi nimejiruhusu. Nitwishe."

Jibu la hilo serikali haijanipa mpaka leo. Nilimfikisha ofisini kama sheria ilivyotaka. Kuni zikachukuliwa kuwa kielelezo, zikaozea nyuma ya choo. Mimi nikaenda kwao kuomba radhi, nikaenda tena, na mara ya tatu nikaenda na wazee wangu. Tuliishi pamoja miaka ishirini, tukapata mtoto, Ipyana. Kila tulipozozana, hata kama ni juu ya chumvi, alisema, "Nitwishe kuni zangu kwanza, ndipo tuzungumze."

*

Kitu kimoja tu sheria ilituruhusu: kuchota maji. Katikati ya msitu kuna chemchemi, nayo inaitwa Mbusule, na msitu ulichukua jina kutoka kwake. Tangu zamani, mtoto akizaliwa kijijini kwetu huogeshwa mara ya kwanza kwa maji ya Mbusule, na mtu akifa huoshwa mara ya mwisho kwa maji hayo hayo. Kanisa lilipokuja lilikuta hivyo, msikiti ulipokuja ulikuta hivyo, na wote walikubali, maana maji yalikuwa safi na hayakuwa na ugomvi na mtu.

Tusekile alipoanza kuugua figo, macho yake nayo yakafifia. Alitaka mtu wa kumsomea Zaburi, na ndiyo sababu nilikwenda darasa la jioni, nikakaa dawati moja na vijana wa bodaboda. Siku moja, nikiwa natafuta miwani nimsomee, akasema:

"Baba Ipyana, nikienda, mnioshe kwa maji ya Mbusule. Ya bomba yananuka kutu."

"Hilo tu? Nilidhani utaniomba ng'ombe."

"Ng'ombe utaninyima. Maji huwezi."

"Sawa, nimekuahidi. Miwani yangu umeiona?"

Hivyo ndivyo mtu anavyoahidi kitu asichodhani kinaweza kupotea.

*

Mwezi wa sita mafuta na gesi viligunduliwa chini ya msitu. Redioni walisema ni zawadi kutoka kwa Mungu, na nikashangaa, maana sikuwahi kusikia Mungu akitoa zawadi na kumwita mtu mwingine aje kuichukua. Lakini niliona labda sijasoma vya kutosha.

Sheria yetu inasema faida za maendeleo lazima zipimwe dhidi ya hasara za mazingira. Sisi ni watu wa kufuata sheria neno kwa neno, kwa hiyo tuna Wizara ya Mizani, na wizara ina mizani. Naibu Waziri, Mheshimiwa Sikivu, alikuja nayo. Mizani ilikaa kiti cha mbele, imefungwa mkanda. Yeye alikaa nyuma.

Mkutano ulifanyika katika uwanja wa shule. Walitaka katibu mwenye mwandiko unaosomeka, na kwa kuwa nilikuwa wa kwanza katika imla, wakaniteua mimi. Nilipewa kalamu mpya. Nilisali kimya nisiiaibishe.

"Ndugu wananchi," alianza Mheshimiwa, "serikali yenu si serikali ya kukisia. Leo sayansi itasema, na sisi tutanyamaza."

Msaidizi wake akaweka chupa ya lita moja ya mafuta upande mmoja, na chupa ya lita moja ya maji ya Mbusule upande wa pili. Mizani ikashuka upande wa maji.

Watu walipiga makofi. Mheshimiwa alinyamaza kama alivyoahidi, lakini kwa muda mfupi. Kisha akaeleza kwamba mafuta yalikuwa bado hayajaongezewa manufaa yake. Msaidizi akachukua ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kurasa mia nane, jalada gumu, akailaza juu ya chupa ya mafuta. Mizani ikaanguka upande huo kwa kishindo. Kwa namna hiyo, ripoti iliyoandikwa ili kuulinda msitu ndiyo iliyoushinda msitu.

Makanyaga akasimama. Huyu ni mrina asali, nimemkamata mara saba.

"Mheshimiwa, na nyuki wangu utawapima wakiwa wametua au wakiwa wanaruka?"

"Nyuki wako chini ya wizara nyingine."

"Sasa hiyo wizara nyingine ije yenyewe kuwahamisha. Mimi wananijua, wakiniuma wananiuma kwa heshima."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wetu wa kijiji akamwambia, "Makanyaga, kaa chini, unatia aibu mbele ya wageni."

"Nakaa, Mwenyekiti. Ila nakaa bila kusumbua majani."

Akasimama Mama Bupe, mkunga wetu, ambaye pia ndiye huongoza wanawake kuosha marehemu.

"Mimi nauliza chemchemi. Itabaki?"

"Mama yangu, chemchemi haitaguswa. Itazungukwa tu."

"Itazungukwa na nini?"

"Na maendeleo."

Ikafika kura. Wanaokubali wanyooshe mikono. Hapakuwa na mkono hata mmoja, isipokuwa wa Mwenyekiti, naye alikuwa anajikuna shingo, akaushusha upesi. Mheshimiwa hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyesahau mwavuli nyumbani akakumbuka anao mwingine garini.

"Nimewasikia," alisema. "Sasa tufunge kwa sala. Tusimame, tufumbe macho."

*

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtatuona wajinga. Kwetu sala ya mtu haiachwi hewani. Akiomba rafiki au adui, akiomba vizuri au vibaya, unaitikia Amina. Kumnyima mtu Amina ni kama kumwambia afe. Hata Makanyaga, ambaye haingii nyumba yoyote ya ibada, huitikia. Mimi ni mzee wa kanisa, na sauti yangu ndiyo hutangulia. Wengine huingojea, kisha wanafuata.

"Ee Bwana," aliomba Mheshimiwa, "tunakushukuru kwa visima thelathini na viwili ulivyotuandalia, pamoja na vingine kadiri kampuni itakavyoona inafaa."

Kila aliposema "Ee Bwana" nilisikia karatasi ikigeuzwa.

"Ee Bwana, ulibariki bomba litakalopita katika bonde la chemchemi, mita arobaini kila upande. Ee Bwana, uibariki Kampuni ya Neema ya Chini kwa miaka tisini na tisa, na umri huo ukiisha uirefushie kwa masharti yale yale. Na yote yatakayomwagika, Ee Bwana, uyasamehe kabla hayajamwagika, wala pasiwe na mtu wa kushitakiwa katika mahakama yoyote ya hapa duniani."

Sitadanganya. Nililisikia neno chemchemi. Lakini nilikuwa nimefumba macho mbele za Mungu, na sijawahi kumkatiza mtu anayesali. Niliwaza kwamba Mungu anajua kuchuja. Atachukua lililo jema, jingine atalitupa.

Mheshimiwa akanyamaza. Watu wakangoja sauti yangu.

Nikasema Amina. Niliisema kwa nguvu zaidi ya siku zote, nadhani kwa sababu ya kalamu. Na uwanja mzima ukafuata.

Mheshimiwa akaja mezani kwangu, akaniinamia kwa upole. "Una mwandiko mzuri, mzee. Andika tu kilichotokea, usiongeze wala usipunguze." Nikaandika: *Watu wote, mia tatu na kumi na wawili, waliitikia Amina kwa sauti moja.* Nikatia sahihi. Ilikuwa sahihi yangu ya kwanza isiyo ya dole gumba.

*

Baada ya wiki mbili, Gazeti la Serikali lilitangaza kwamba wananchi wa Mbusule wameridhia uchimbaji kwa asilimia mia moja. Kiambatisho kilikuwa karatasi yangu. Makanyaga alikwenda mahakamani kulalamika kwamba hakuna mkono ulionyooshwa. Hakimu alimjibu kwamba mkono huweza kuchoka, huweza kuwa na kidonda, lakini Amina hutoka moyoni, na mahakama haiwezi kuingilia kati ya mtu na Muumba wake. Makanyaga akaonywa asirudie kukana imani.

Nilimsomea Tusekile lile gazeti. Aibu yangu ni hii: nilikwenda nalo nyumbani nikiwa na furaha, kwa sababu jina langu halikuwahi kuchapwa popote. Nilisoma mpaka mwisho bila kukwama hata mara moja. Yeye alikuwa amelala, mkono juu ya tumbo.

"Bonde la chemchemi," alisema. "Rudia hapo."

Nikarudia.

Kisha akasema, "Umesoma vizuri, Baba Ipyana," akageukia ukutani.

Ningependa angenitukana. Ningependa angeniambia nimtwishe kuni zake.

*

Kazi ilianza. Walifyeka miti kwa siku kumi na moja, na mashine moja ilifanya kwa asubuhi moja makosa ambayo mimi nisingeweza kuyachora hata kama daftari lingekuwa refu kama barabara. Lile bango linalokataza kuchuma uyoga halikuguswa, kwa sababu lipo kisheria. Lilibaki limesimama peke yake kwenye vumbi. Mama mmoja aliyeokota vipande vya matawi yaliyokatwa alikamatwa kwa kosa la kuni.

Gesi isiyotakiwa waliichoma juu ya mlingoti mrefu. Kuku wakasahau saa ya kulala. Mheshimiwa alieleza redioni kwamba vijiji vingine vina jua moja tu.

Kisha maji ya chemchemi yakaanza kunuka, kwanza kidogo, kama kibatari kilichozimwa. Tulilalamika, na wizara ikatuma mtaalamu. Alichota maji katika gilasi, akayaangalia upande huu na upande huu, akatuandikia cheti: *Maji haya ni salama kwa kutazamwa.* Cheti hicho kimebandikwa ofisi ya kijiji, ndani ya fremu.

Kampuni nayo haikututupa. Afisa wake alituletea Chemchemi Mbadala. Ni tangi la plastiki, limechorwa maporomoko ya maji na ndege wawili wa rangi ya buluu. Utaratibu ni kwamba gari la maji litakuja kila Alhamisi. Lilikuja Alhamisi ya uzinduzi. Watoto waliozaliwa tangu wakati huo huogeshwa kwa maji ya bomba. Mama Bupe hutazama kando akifanya hivyo, na akimaliza hunusa mikono yake.

*

Tusekile alifariki mwezi wa kwanza, siku ya Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza. Sitaandika juu ya saa ile. Nimeomba neno lake na sijapewa.

Kulipopambazuka nilichukua ndoo nikaenda msituni. Getini nilikuta kijana mlinzi mpya, niliyemfundisha kazi mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Kibali?"

"Marahaba. Mama Ipyana amefariki. Naenda kumchotea maji."

Alivua kofia. Alitazama bango, alinitazama mimi, akageuka akawa kama anayefunga kiatu mpaka nilipopita. Mungu ambariki kijana yule. Alikuwa amevaa viatu visivyo na kamba.

Chemchemi niliikuta imezungukwa, kama tulivyoahidiwa. Juu ya maji kulikuwa na utando wenye rangi zote za upinde wa mvua. Kwa macho ulikuwa mzuri, mtaalamu hakudanganya. Nilipiga magoti nikaupeperusha kwa mkono, ukarudi. Nikachota chini zaidi, ukaja nao. Nilichota na kumwaga, nikachota na kumwaga, sijui mara ngapi. Mwishowe nikaenda nyumbani na ndoo iliyo bora kuliko nyingine.

Mama Bupe aliingiza kidole, akanusa.

"Baba Ipyana," alisema taratibu, "haya siwezi kuoshea hata jembe."

"Nilimwahidi."

"Najua ulimwahidi. Aliniambia."

Wakati huo huo gari la kampuni lilifika na rambirambi: katoni mbili za maji ya chupa, yametoka nchi ya mbali, kila chupa imeandikwa *Neema ya Chini: Tuko Pamoja Nanyi*. Hapakuwa na maji mengine safi ya kutosha. Wanawake waliingia nayo ndani wakafunga mlango.

Mimi nilikaa nje ukutani. Nilizisikia. Kila chupa ina kizibo chake, na kila kizibo hulia kinapokatika. Tak. Kimya, maji yakimwagika. Tak. Kimya. Chupa arobaini na nane. Mke wangu, ambaye nilimkamata kwa ajili ya kuni za msitu wake mwenyewe, aliagwa hivyo, kizibo kimoja kimoja.

*

Mheshimiwa Sikivu alikuja mazishini. Alisema serikali haiwezi kumwacha peke yake katibu wa kumbukumbu zile za kihistoria. Alivaa koti jeusi, alishika kofia yake kifuani, na nadhani alisikitika kweli, maana hata watu wa namna ile wana wake nyumbani. Jeneza lilipokwisha kushushwa, aliomba apewe nafasi ya kufunga kwa sala. Mchungaji akampa.

Tukafumba macho.

"Ee Bwana, umpokee mama yetu. Ee Bwana," na karatasi ikageuzwa, "kama ulivyompokea yeye, uipokee pia awamu ya pili ya mradi, visima kumi na vinne, pamoja na kilima hiki cha makaburi, ambacho wenyewe, Ee Bwana, hawana tena matumizi nacho."

Akanyamaza. Kijiji kizima kikangoja sauti yangu.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilisikia majani. Nilisikia mtu akikohoa. Nilisikia, kutoka mbali, ule moto wa gesi ukinguruma. Nilikuwa nimesema Amina maisha yangu yote bila kuhesabu, na sasa moja ilikuwa mdomoni imekaa kama jiwe. Nilifumbua macho. Mama Bupe alikuwa amefumbua yake. Makanyaga pia. Watu wote walikuwa wananitazama, midomo imefungwa. Mheshimiwa peke yake ndiye alikuwa bado amefumba, akingoja, na jasho likimtoka taratibu kwenye paji la uso.

"Mzee Lwitiko," alinong'ona, "malizia basi."

Nilivua kofia. Nilisogea mpaka ukingoni mwa kaburi, mahali ambapo kila mtu angeweza kunisikia, nikasema kwa sauti ile ile niliyosemea siku ya mizani:

"Mama Ipyana, hawa wote ni mashahidi, na Mungu ni shahidi. Nilikuahidi maji, nikayatoa kwa kinywa changu mwenyewe, nikaandika na kutia sahihi. Leo nakuahidi tena, na leo sitafuti miwani. Kila asubuhi nitakayoamka nitaandika tarehe, nitaandika hali ya hewa, na nitakwenda kuyaangalia maji na kuyaandika yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, wapende wasipende. Mpaka yatakapokuwa safi, hakuna mtu wa serikali atakayeisikia Amina yangu. Na siku yatakapokuwa safi, kama nina miguu nitakuja na ndoo, kama sina nitabebwa, na nitakumwagia hapo ulipolala. Kuni zako nazo nitakutwisha."